Saa Mbili za Kungoja Malaval

Nyumba ya Mtoni,
Saint-Vozy, karibu na Figeac,
Ufaransa.

Jumapili, 6 Novemba 2022

Mpendwa mdogo wangu Anselme,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na Marie-Paule na watoto. Goti lako linaendeleaje? Kwenye kadi ya Mwaka Mpya uliandika kwamba lilipasuliwa, halafu ukaandika "nimepona", halafu jina lako, basi. Miaka thelathini na miwili sasa napokea kadi za mistari mitatu. Safari hii ukinijibu, niandikie kama mtu mwenye dada. Nataka kujua kama unapanda ngazi bila maumivu, kama joto la Nouméa limeshaanza kuwatesa, na kama Noëmie amejifungua salama.

Mimi sijambo, isipokuwa mgongo, na mgongo tumeshazoeana. Huku jiko la kuni linawaka tangu katikati ya Oktoba. Mvua yenyewe hainyeshi ikaisha, inachuruzika tu kutwa nzima, na ukungu wa mtoni hauondoki mpaka saa tano asubuhi. Unaujua mwezi huu ulivyo kwetu. Hata mbwa wanapita wameinamisha vichwa.

Bila shaka umeshajiuliza kwa nini nakuandikia Novemba badala ya Januari. Sitakuzungusha. Firmin ni mgonjwa, na daktari ameacha kusema "akipona". Kuna jambo ambalo kaka yako anataka ulijue kabla hajaenda, nalo ni la ile Jumapili ya Pentekoste ya mwaka themanini na tisa. Kuandika hawezi, macho yamekwisha, na kwenye simu pumzi haimtoshi, kwa hiyo mkono ni wangu. Mimi nami nina langu la kukuambia. Nakuomba usiikunje barua hii kabla hujaimaliza. Ukishamaliza, fanya unavyotaka.

Kijiji chenyewe ungekiona ungesikitika. Duka la mikate la Delpuech lilifungwa miaka minne iliyopita, na pale penye birika la kufulia wameweka mashine ya kuuza mikate. Unabonyeza, mkate unaanguka kama kopo la soda. Josette wa jirani huitukana kila asubuhi, na siku ikigoma huipiga teke. Shule imefungwa. Nyumba nzuri nzuri za mawe kuanzia kanisani mpaka mnarani zimenunuliwa na Waholanzi na Waingereza, ambao huja Julai, hupaka madirisha rangi ya samawati, kisha huondoka. Kuanzia Septemba unaweza kulala katikati ya barabara na usikanyagwe na mtu.

Chama chetu cha baiskeli kimebaki na watu saba. Watatu wanatumia baiskeli za umeme, na Firmin alikuwa haachi kuwatania. Kila Jumapili Baptistin akitokea na yake alikuwa akimuuliza, "Mzee, umechaji? Umechaji miguu au umechaji betri?" Baptistin naye humjibu, "Heri mimi nachaji betri, wewe unachaji kwa mvinyo!" Hivyo ndivyo tulivyokuwa tukicheka mpaka juzi juzi.

Macho ya Firmin yalianza kuharibika miaka mitatu iliyopita. Ni doa jeusi katikati, jicho moja kisha la pili. Anaona pembeni tu, kwa hiyo akitaka kukutazama anageuza uso, na asiyemjua hudhani anamdharau. Alipoliparamia gari la Josette lililokuwa limesimama, nilimnyang'anya baiskeli. Alinuna wiki mbili. Halafu chama kikatuazima baiskeli ya viti viwili, mimi mbele kwenye usukani, yeye nyuma, na tangu hapo mimi nikawa macho yake. Kila kijiji alitaka nimwambie kinavyoonekana. Nilikuwa nikimdanganya kidogo. Tukipita mgahawa uliofungwa tangu zamani nilimwambia, "Leo Jumatatu, wamepumzika." Naye alikuwa akijibu, "Aha," kama mtu aliyeamini. Sasa nadhani alikuwa akijua kila mara, maana pua yake ilikuwa nzima na hapakuwa na harufu ya kahawa.

Unaikumbuka ile kadi ya vijiji mia ambayo Baba alituanzishia? Vijiji mia vya zamani vya mkoa wetu, mraba mmoja kwa kila kijiji, unafika kwa baiskeli, unagongewa muhuri na kuandikiwa saa uliyofika. Baba alimaliza yake. Ya Firmin ina mihuri tisini na tisa, na imekuwa hivyo kwa miaka mingi. Mraba mmoja ni mtupu, wa Puechmorel, kijiji kilicho kilomita thelathini na moja tu kutoka hapa mlangoni. Alikwenda mpaka mpakani mwa mkoa kwa ajili ya kanisa bovu lisilo na paa, lakini Puechmorel hakwenda. Watu walipouliza, mimi ndiye niliyekuwa nikiwaeleza. "Ni kwa sababu ya Anselme," nilisema. "Ile siku hakumngoja kule juu ya mlima Malaval, na Firmin hajaipanda njia ile tena." Nimeieleza hadithi hiyo mara ngapi sijui. Niliieleza vizuri mno.

Unayajua yaliyotokea, na unayajua kuliko mimi, lakini acha niyaandike jinsi tulivyoambiwa. Baba alikuwa amefariki Februari. Safari ya Pentekoste mlikwenda wawili tu, mvua ikinyesha. Mligonga muhuri Lavergne-le-Pont saa saba na nusu mchana, mkaanza kupanda Malaval, wewe mbele kama kawaida yako. Firmin akapata pancha chini ya mlima, na pampu ilikuwa kwako. Akaisukuma baiskeli hadi juu penye msalaba wa mawe. Hapakuwa na mtu. Akarudi nyumbani, kipande kwa miguu, kipande kwa gari la mpita njia. Hiyo ndiyo hadithi aliyotuletea saa kumi na moja jioni, amelowa, tairi limelala.

Hukuwa umeua mtu. Lakini wewe unajua lile jambo lilivyokuwa kwetu. Baba hakuwa na amri nyingi, na hiyo moja aliirudia kila Jumapili akifunga kamba za viatu: kileleni tunangojana, hata ikinyesha mawe. Mwenye mbio hufika, huvaa koti, na hungoja mpaka wa mwisho atokee. Nimeona watu waliogombania shamba mahakamani wakingojana kileleni. Na wewe, miezi mitatu tu baada ya kumzika aliyetufundisha, ukamwacha kaka yako na tairi bovu.

Ulipoingia jikoni, giza likianza kuingia, ulikuta tumeshakuhukumu. Ulisema mara moja tu, "Nilimngoja." Mama akageukia sufuria. Ukatoa kadi yako mfukoni ukaitupa mezani, ukasema, "Someni saa." Kisha ukatoka. Mama hakusoma. Mimi sikusoma. Firmin alinyoosha mkono taratibu, akaichukua, akaitia mfukoni mwa shati. Mimi nilikuwa nimesimama karibu na kabati la vyombo, na nilimwona.

Nilimwona, Anselme. Hilo ndilo langu. Nilijiuliza kwa nini mtu aliyedhulumiwa anaficha karatasi, na swali lilinifika hadi mdomoni, nikalimeza. Firmin alikuwa Firmin. Hakuwahi kusema uongo hata juu ya samaki aliyemvua. Wewe ulikuwa mdogo wetu, mwenye maringo kidogo na miguu mizuri kuliko yetu. Ilikuwa rahisi kukulaumu wewe, nami nikafuata kilicho rahisi.

Mwaka ule chamani wakakuita Treni. Ukifungua tu mlango wa mgahawa, Baptistin alikuwa akipiga kelele, "Ondokeni njiani, huyo hasimami vituoni!" Watu wakacheka, na mimi nikacheka nao. Ukapata kazi bandarini huko upande wa pili wa dunia, ukaondoka bila baiskeli ya Baba, ambayo alikuachia wewe kwa maandishi. Hata Mama alipokufa ulituma maua tu. Nilikwambia kwa simu maneno ambayo siyarudii hapa, unayakumbuka.

Sasa nakuja kwenye Oktoba. Siku moja tukinywa supu Firmin alisema, "Ghislaine, nataka kwenda Puechmorel kabla sijakuwa mzigo wa gunia." Nilifurahi kama mjinga. Nilidhani hatimaye amekusamehe. Nilipiga simu kuuliza habari za muhuri, nikaambiwa mgahawa wa Puechmorel umekufa na muhuri uko ofisi ya meya, na ofisi hufunguliwa Jumanne na Ijumaa, saa tatu mpaka saa sita mchana, basi. Tukapanga Ijumaa ya tarehe saba.

Tuliondoka saa moja na nusu, baridi ikiuma masikio. Njia nzima ilikuwa kimya, ni tairi zetu tu zikipasua kokwa za jozi zilizodondoka barabarani. Mabanda ya tumbaku yamebaki mbao na hewa. Huko msituni wawindaji walikuwa wakipiga risasi, nami nilikuwa nimemvisha Firmin fulana ya rangi ya machungwa wasije wakamdhania nguruwe mwitu. Karibu na Lavergne mzee mmoja aliyekuwa akiokota jozi alitupigia kelele ile ile wanayoipiga wote wakiona baiskeli ya viti viwili.

"We mama! Huyo wa nyuma hapigi pedali!"

"Wa nyuma ndiye injini!" Firmin akamjibu. "Wa mbele ni taa tu!"

Ndicho kicheko chake cha mwisho nilichokisikia siku ile.

Kupanda Malaval kulituchukua muda mrefu. Mimi nina miaka sitini na sita na yeye sabini na mmoja, na ile baiskeli ni nzito kama kitanda. Mara mbili nilitaka tushuke tusukume, akakataa. Nilisikia pumzi yake nyuma yangu ikikoroma, nikadhani ni ya kupanda mlima. Tulifika juu saa nne kasoro dakika tano. Msalaba bado upo, mkono mmoja umevunjika. Nilitaka tuteremke moja kwa moja, maana ni dakika kumi tu hadi Puechmorel na jasho lilikuwa linaanza kupoa. Yeye akasema, "Simama. Nishushe."

Akakaa kwenye jiwe la msalaba, uso ameugeuzia pembeni, namna yake ya kutazama.

"Daraja la mtoni linaonekana kutoka hapa?" akaniuliza.

"Linaonekana."

"Mtu akiwa darajani unaweza kumtambua?"

"Sura, hapana. Labda rangi ya nguo."

"Basi ni hivyo hivyo ukiwa darajani ukitazama huku. Lile koti lake la manjano lilionekana vizuri sana."

Sikuelewa mara moja. Nilimwambia, "Firmin, unasema nini?"

"Nasema sikupata pancha."

Akaniambia yote, bila kupumzika, kama mtu anayetapika. Mlipotoka Lavergne ulimpita kwenye njia panda ukiwa juu ya baiskeli ya Baba, gurudumu lake likilia lile tiki-tiki lake, na moyo wake Firmin ukajaa uchungu. Yeye ndiye mkubwa. Yeye ndiye aliyemuuguza Baba miezi minne. Baiskeli ikaandikwa jina lako. Alikuwa na miaka thelathini na minane, akasusa kama mtoto. Wewe ukashika njia ya mlimani, yeye akashika ya chini, kando ya mto, kurudi nyumbani. Alipofika darajani aligeuka akakuona juu kwenye msalaba, umesimama kwenye mvua na koti lako la manjano. Anasema ulikuwa ukitazama upande wa njia uliyopandia. Akasimama kidogo darajani. Kisha akaendelea. Alipofika kwenye kinu cha zamani alishuka akatoa upepo kwenye tairi kwa mkono wake, ili awe na la kumwambia Mama.

"Nilitaka kusema nimepata pancha tu, basi," akaniambia. "Mama akauliza, 'Anselme yuko wapi?' Nikasema, 'Hakuningoja.' Lilinitoka lenyewe. Nilidhani nitalirekebisha kesho."

"Na kesho?"

"Kesho mlikuwa mmeshamwita Treni."

Nilikasirika, Anselme. Nilitaka kumwacha pale pale na upofu wake. Nilimwambia miaka thelathini na mitatu ni kesho nyingi. Halafu nikakumbuka kabati la vyombo, nikasema, "Nilikuona ukiichukua ile kadi."

"Najua uliniona," akasema. "Mwaka mzima nilikuwa nakungoja uniulize."

Nikaenda kuishika baiskeli.

Nikamwambia basi twende, ofisi inafungwa saa sita, tugonge huo muhuri turudi. Hakuinuka. Aliuliza saa, nikamwambia saa nne na robo. Akasema, "Alingoja saa mbili. Imeandikwa kwenye kadi yake. Nami nitangoja saa mbili."

"Unamngoja nani? Anselme yuko Nouméa!"

"Nitangoja."

"Firmin, wanafunga saa sita. Utaukosa muhuri. Miaka yote hii!"

"Wafunge."

Upepo wa pale juu unaujua. Nilimzungushia shali yangu, akaivua. Nilimbembeleza, nikamtukana, nikamwita kichwa cha punda, nikakaa. Halikupita gari hata moja. Palipita kondoo na mchungaji wao mwanamke aliyetuuliza kama tumeharibikiwa, na Firmin akamjibu kwa adabu kabisa, "Hapana, mama. Tunamngoja mwenzetu, yuko nyuma." Mwanamke akatazama njia tupu, akanitazama mimi, akaenda zake. Hapo ndipo nilipolia. Kengele ya Puechmorel ilipogonga saa sita tuliisikia vizuri, maana pale hakuna kingine cha kusikia. Hata ilipomaliza hakuinuka. Alikaa mpaka saa sita na robo kamili, ndipo akasema, "Haya."

Ofisi ya meya ilikuwa imefungwa, kama nilivyosema. Mgahawa ule ulimogongewa muhuri wewe una mbao madirishani, na maandishi ya ukutani yamebaki herufi tatu. Bibi mmoja aliyekuwa akimenya maharage mlangoni alituambia katibu ameenda kula na ofisi ni mpaka Jumanne. Alipomwona Firmin anatetemeka alituingiza ndani, akatupa supu ya moto. Firmin akatia mvinyo kwenye supu iliyobaki bakulini, kama alivyozoea Baba, akanywa kwa mikono miwili. Yule bibi akasema, "Lete hiyo kadi, baba, nitakutilia sahihi yangu, nitaandika kwamba nimekuona kwa macho yangu." Firmin akasema, "Asante, mama. Mraba huu uache ulivyo."

Baridi ya siku ile ilimwingia kifuani. Jumapili alikuwa na homa, Jumanne gari la wagonjwa likampeleka Figeac. Wamemkuta na nimonia, na moyo nao ulikuwa umechoka siku nyingi bila yeye kusema. Wiki iliyopita wamemrudisha nyumbani kwa sababu aliomba. Daktari Bessière alinivuta pembeni akaniambia tuhesabu wiki, tusihesabu miezi. Najilaumu kwa zile saa mbili. Yeye hataki nijilaumu. Anasema ndizo saa pekee alizozitumia vizuri kwenye jambo hili.

Ndani ya bahasha utakuta kadi yako. Ilikuwa kwenye kisanduku cha zana cha Baba, chini ya viraka vya tairi, imefungwa kwa nailoni ya jibini. Sasa nimeisoma, miaka thelathini na mitatu baada ya wewe kutuomba tuisome. Lavergne, saa saba na nusu mchana. Puechmorel, saa kumi na nusu. Wino wa zambarau haujafifia hata kidogo. Mlima ni dakika arobaini na tano kwa miguu yako ya wakati ule, kushuka dakika kumi. Mtu yeyote jikoni mle angeweza kuona kwamba ulisimama pale juu saa mbili nzima na zaidi. Ilihitaji kutazama tu.

Naomba unisamehe. Sikuombi kwa niaba yangu na yake kwa pamoja, ya kwake atakuomba mwenyewe akipata nafasi. Nakuomba yangu. Nimemwambia pia Baptistin na wote chamani, mbele ya meza, nikiwa nimesimama. Hakuna aliyejua aangalie wapi. Baptistin alivua kofia akasema, "Na mimi ndiye niliyeanza lile jina," akatoka nje, na baiskeli yake ya umeme akaisahau ukutani.

Sitakwambia njoo. Sina haki hiyo, na najua goti lako, na najua umbali wenyewe. Nitakwambia tu mambo yalivyo. Kitanda chake tumekiweka sebuleni, na ametaka tukigeuze kielekee dirisha la barabarani, ingawa halioni. Baiskeli ya Baba ipo ghalani pale ulipoitundika. Kumbe kila mwaka alikuwa akiipaka mafuta mnyororo, lakini hajaipanda hata siku moja. Juzi niliishusha, nikaifuta vumbi, nikajaza tairi upepo. Zimeshika.

Wasalimie sana Marie-Paule, Noëmie na Rémi, na huyo mdogo kama ameshafika duniani mbusu kwenye paji la uso kwa niaba ya shangazi wa mama yake. Josette anakusalimu, anasema sahani uliyoisahau kwake bado anayo. Baptistin hakuthubutu kutuma salamu, lakini aliuliza kama naandika.

Jana mchana ukungu ulipoondoka, baiskeli moja iliteremka kutoka upande wa Malaval. Sijui alikuwa nani, labda mtalii wa mwisho. Gurudumu lilikuwa likilia tiki-tiki, likapunguza mwendo mbele ya nyumba yetu kwa ajili ya kona. Firmin aliinua kichwa kutoka kwenye mto, na si rahisi kwake kukiinua. Akauliza, "Ndiye?"

Nilitazama dirishani mpaka yule mtu akapotea upande wa kanisani. Kisha nikamjibu, "Bado."

Mungu akulinde huko uliko, na akikusukuma njiani akufikishe salama.

Ni mimi dada yako akupendaye, niliyechelewa,

Ghislaine